Pikipiki Isiyosikia Mkono



Hakuna nyumba leo, mjini wala shamba, isiyoguswa na pikipiki. Kwa chombo hiki mtoto hupelekwa madrasa, mjamzito hufikishwa zahanati usiku, mchuuzi hupeleka mboga zake sokoni, na kijana aliyekosa ajira hupata riziki ya halali. Wiki hii tumeona ukurasa huu wa familia uzungumzie vitu viwili vidogo vilivyo katika usukani wake, navyo viko upande mmoja, chini ya mkono wa kulia. Cha kwanza ni eksileta, yaani kile kishikio kinachozungushwa kuongeza mwendo. Cha pili ni swichi ndogo ya kuzimia injini, ambayo aghalabu huwa nyekundu. Kile cha kwanza kikileta hitilafu, hiki cha pili ndicho kimbilio. Jambo la kusikitisha ni kwamba si haba pikipiki zinazobeba roho za watu hali ya kuwa cha kwanza ni kibovu na cha pili kimekatwa nyaya.

Tuanze na eksileta. Dereva anapoizungusha, uzi wa chuma uliomo ndani ya waya wake huvutwa, nao huinua kizibo kilichomo katika kabureta, hewa na petroli vikaingia kwa wingi na injini ikapandisha mwendo. Mkono ukiachia, kinachokirudisha kizibo mahali pake ni springi. Pikipiki kubwa huwa na nyaya mbili, mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga. Hizi ndogo tunazopanda kila siku nyingi zina waya mmoja tu, kwa hiyo marejeo yote yanaitegemea springi ile. Chochote kitakachoishinda nguvu springi, uwe ni mchanga, kutu au waya uliopinda, huiacha injini katika mwendo ule ule ilioamriwa mwisho. Dereva ameachia, na chombo kinakwenda kana kwamba mkono bado umekaza.

Hitilafu hii mara nyingi hutanguliwa na ishara. Nyuzi za chuma ndani ya waya hukatika mmoja mmoja, na ncha zilizokatika hukwaruza na kukwama. Maji ya mvua huingia katika ala ya waya yakaleta kutu, vumbi la barabara likaongeza uzito. Mpira wa kishikio hulegea ukasogea ndani hata ukasuguana na kasha la swichi. Waya uliopitishwa vibaya baada ya matengenezo hukazika kila usukani unapokatwa, na injini ikapandisha mwendo kwenye kona, mahali ambapo dereva anahitaji kuupunguza. Wakati mwingine kosa halimo katika waya kabisa: mpira unaoiunganisha kabureta na injini ukipasuka, hewa huingia pasipo njia yake, na injini ikachelewa kutulia hata mkono ukishaachia. Dereva anayesema, “Eksileta imekuwa nzito siku hizi,” ameshasoma barua ya kwanza ya onyo. Akiipuuza, ya pili huenda ikamfikia akiwa barabara kuu.

Kuikagua hakuhitaji fundi wala fedha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, eksileta izungushwe mpaka mwisho kisha iachiwe ghafla. Yatakiwa irudi yenyewe kwa haraka, bila kusindikizwa na mkono. Jaribio hilo lirudiwe usukani ukiwa umekatwa wote kushoto, kisha wote kulia. Halafu injini iwashwe gia ikiwa huru, na usukani ugeuzwe tena pande zote mbili: mngurumo usibadilike. Mwisho, kishikio kiwe na mchezo mdogo kabla hakijaanza kuvuta, kwa kawaida milimita 2 hadi 6. Kikikosa mchezo kabisa, waya umekazwa kupita kiasi. Kazi yote hii haimalizi hata dakika tatu.

Ikionekana kasoro, dawa yake ni nyepesi. Waya mzima husafishwa na kutiwa oili. Waya ulioanza kukatika hubadilishwa, haufungwi fundo. Kabureta husafishwa, springi iliyochoka ikatolewa, mpira uliopasuka ukawekwa mwingine. Hapa tunao ujumbe kwa ndugu zetu mafundi. Kuna ufundi wa kuunga nyuzi zilizokatika kwa koleo na kumwambia kijana, “Nenda nao tu, utafika.” Huenda akafika leo. Lakini ile ncha iliyoungwa ndiyo itakayokwama kesho katika ala ya waya. Katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimbebesha dhamana anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu. Wanazuoni wa fiqhi nao wameijadili kwa mapana dhamana ya fundi juu ya alichokabidhiwa. Fundi wa pikipiki akabidhiwa chuma, na juu ya chuma kile kuna baba wa mtu. Basi na aseme ukweli, “Waya huu umekwisha,” hata kama mteja atanuna.

Sasa tuje kwenye swichi. Kazi yake ni kuukata umeme unaozalisha cheche katika plagi. Bila cheche petroli haiwaki, na injini hufa papo hapo hata kama eksileta imekwama wazi kabisa. Imewekwa pale ili kidole gumba cha kulia kiifikie bila mkono kuondoka kwenye usukani. Alama zake ni mbili: mshale wa mviringo maana yake injini ifanye kazi, na mshale ule ule uliopigwa msalaba maana yake injini izimike.

Tuchukulie dereva yuko kwenye mwendo, na eksileta imegoma kurudi. Afanye nini? Avute klachi mara moja ili injini isiendelee kulisukuma gurudumu. Injini itapiga ukelele mkali, wala asishtuke akaiachia klachi. Hapo hapo kidole gumba kibonyeze swichi, kisha akamate breki zote mbili kwa utaratibu, aangalie nyuma na kutoka pembeni. Kwa pikipiki zisizo na klachi ya mkono, swichi ndiyo ya kwanza. Akishasimama, asiwashe tena mpaka sababu ijulikane. Kutegemea breki peke yake ni kushindana na injini inayosukuma kwa nguvu zake zote, na breki za pikipiki ndogo zikishachakaa huenda zikashindwa.

Wengine huuliza, kwani ufunguo haupo? Upo, lakini kuufikia ni lazima mkono mmoja uache usukani, macho yainame kuutafuta, na vidole viupate katika mtikisiko. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili za kupapasa ufunguo ni takriban mita 28, nazo zatosha kuvuka kivuko cha wanafunzi kutoka ng'ambo hii hadi ile.

Faida ya swichi haiishii kwenye eksileta. Akina mama na mabinti zetu hupanda wakiwa na baibui, mtandio au kanga, na pindo la vazi likinaswa na mnyororo au spoksi huvuta kwa nguvu ya kutisha. Abiria akipiga kelele, dereva avute klachi, abonyeze swichi na kusimama. Tena asianze kulinasua vazi injini ikiwa hai. Vilevile pikipiki ikianguka, mara nyingine injini huendelea kunguruma, gurudumu likizunguka na petroli ikivuja karibu na ekzosi yenye moto. Mpita njia yeyote anayeijua swichi ile anaweza kuzima injini kwa kidole kimoja kabla ya kumsogelea majeruhi. Ndiyo maana tunasema elimu hii si ya madereva pekee. Mama wa nyumbani, ustadhi wa madrasa na mwenye duka kando ya kijiwe, wote yafaa waijue.

Kwa nini basi swichi hii hukatwa? Sababu hujulikana vijiweni. Maji na vumbi huingia ndani yake, chombo kikagoma kuwaka njiani. Au mtu huibonyeza kwa mzaha, dereva akahangaika kupiga kiki nusu saa. Fundi naye, badala ya kuifungua na kuisafisha, au kuweka nyingine ambayo bei yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya bandeji, huziruka nyaya zake na kumaliza kesi. Kuanzia siku hiyo swichi hubaki kama pambo. Mwingine hukaa miaka na pikipiki yake asijue kama swichi inafanya kazi, kwa kuwa hajapata kuigusa.

Kwa hili tunapendekeza desturi moja nyepesi: kila unapofika na kusimama, zima injini kwa swichi nyekundu kwanza, kisha funga ufunguo. Desturi hii ina faida mbili. Kila siku utajua kama swichi ni nzima, na kidole gumba kitaizoea njia yake hata kiende chenyewe siku ya hofu, ambapo akili haina nafasi ya kufikiri. Usisahau tu kufunga ufunguo, kwani ukiuacha wazi taa huweza kumaliza betri. Na kama pikipiki yako ililetwa bila swichi hiyo, fundi anayeujua umeme anaweza kuiwekea. Nchini Marekani, kanuni ya usalama wa vyombo vya moto namba 123, inayohusu pikipiki, huyataja mambo haya mawili pamoja: eksileta ijirudishe yenyewe mkono unapoachia, na usukani uwe na swichi ya kuzimia injini. Walioiandika walikwisha kuona kwamba la kwanza laweza kushindikana.

Lakini swichi isigeuzwe chombo cha ubahili. Wapo wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa petroli, wakashuka na abiria kimya kimya. Kufanya hivyo ni kujinyima msaada wa injini katika kupunguza mwendo na kuziachia breki mzigo wote. Akiba ya kikombe cha petroli haistahili hatari hiyo.

Tugeukie sasa wenye pikipiki. Kijana hupewa chombo kwa mkataba, na kila jioni hutakiwa kuleta hesabu. Anapoeleza kwamba waya umechoka, huambiwa hesabu haina udhuru. Naye, kwa kuogopa kunyang'anywa chombo, huendelea. Ndugu yetu mwenye mali, hesabu uliyoipokea siku hiyo ina roho ya mtu ndani yake. Miongoni mwa makusudio matano makuu ya sharia ni kuihifadhi nafsi na kuihifadhi mali, na kijana asilazimishwe kuitoa nafsi ili mali ipone. Andikeni katika mkataba kwamba siku ya matengenezo ya eksileta, breki na taa haidaiwi hesabu kamili. Hilo halitamfilisi tajiri.

Na wazazi, mnapomkabidhi mtoto kwa dereva wa kumpeleka shule au madrasa, msiulize nauli peke yake. Mwombeni azungushe eksileta na kuiachia mbele yenu, kisha azime injini kwa swichi. Asiyeweza kufanya haya mawili bado hajawa tayari kubeba amana yenu. Wala mtoto asipakiwe mbele juu ya tangi, kwani mkono wake mdogo waweza kuishika eksileta wakati wowote. Nyumbani nako, pikipiki iliyoegeshwa uani isiachwe na ufunguo wake.

Husemwa ajali haina kinga. Methali hii ni kweli kwa yule aliyefanya wajibu wake kisha qadar ya Allah ikampata. Haikuwekwa iwe shuka la kufunikia uzembe. Aya ya 195 ya Surat al-Baqara inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na katika hadithi iliyopokewa na at-Tirmidhi, mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake huru kwa hoja ya kutawakali alielekezwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kwanza, ndipo atawakali. Ngamia wetu wa leo hafungwi kwa kamba. Hufungwa kwa waya mzima, springi yenye nguvu na swichi inayofanya kazi.

Tunapopanda chombo husoma dua itokanayo na Surat Zukhruf, tukimtakasa Allah aliyetutiishia kipando na kukiri kwamba kwa nguvu zetu tusingekiweza. Ni adabu njema, basi, kwamba mja anayeshukuru kwa utiifu wa kipando chake akihakikishe kweli kinamtii. Kesho asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri na kabla ya abiria wa kwanza, zungusha, achia, usikilize kama eksileta imerudi. Kisha jaribu swichi, useme Bismillah, uondoke.

Allah (S.W.) awahifadhi vijana wetu barabarani na awarejeshe salama kwa wanaowasubiri. Amin.