TAHARIRI: Mfumo wa mabeki watatu hauna makosa, shida ni vidole vyetu

UKIINGIA kwenye kibanda cha gemu mtaani jioni, utasikia kilio kile kile. Kijana amefungwa manne bila jibu, ameachia kontrola na kumpisha anayefuata, na kabla hajafika mlangoni ameshapata wa kulaumiwa: “Hii 3-5-2 ni bure kabisa. Mimi narudi kwa mabeki wanne.”

Sisi tunasema mfumo hauna hatia. Mwenye hatia ni aliyeuchagua akidhani kwamba kupunguza beki mmoja ni kuongeza mshambulizi mmoja, basi, kazi imeisha.

Tuanze na uwanja halisi, maana ndiko gemu hizi zinakoiga mifumo. Mnamo Septemba 2016, Chelsea ya kocha Antonio Conte ilichapwa 3-0 na Arsenal. Conte akahamia 3-4-3, akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na mwishowe akabeba taji la Uingereza. Wengi wanawakumbuka mabeki wake watatu, lakini waliobeba mzigo ni wengine. Victor Moses, aliyezoeleka kama winga, aligeuzwa mtu wa kupanda na kushuka pembeni dakika zote. N’Golo Kanté na Nemanja Matić nao wakaifunga njia ya katikati. Msimu wa 2023/24, Bayer Leverkusen ya Xabi Alonso ilitwaa ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza hata mechi moja ya ligi ikitumia mabeki watatu, huku Jeremie Frimpong na Alejandro Grimaldo wakitamba pembeni.

Sasa mashabiki wa Manchester United mtatusamehe. Rúben Amorim alikuja Novemba 2024 na mabeki watatu pia, na timu ikamaliza ligi katika nafasi ya 15. Idadi ya mabeki ni ile ile, matokeo ni mbingu na ardhi. Hii ina maana kwamba mfumo huu hauamuliwi na wale watatu walio nyuma. Unaamuliwa na wale saba walio mbele yao.

Kwenye gemu ya EA Sports FC mambo ni hayo hayo. Bao la kufungwa ukiwa na mabeki watatu kila mchezaji analijua. Viungo wako wa pembeni wamepanda wote wawili. Unapoteza mpira. Mpinzani anarusha pasi ndefu kwa winga wake kule kwenye kona. Unapata presha, unamchukua beki wa kando na kumtoa mbio kumfuata. Katikati wamebaki wawili, krosi ya chini inapita, straika anagusa tu. Kisha unasema gemu imekuibia.

Haijakuibia. Kabla ya kipenga, ulipaswa kuingia kwenye ukurasa wa mbinu. Kati ya viungo wawili wa kati, angalau mmoja apewe agizo la kubaki nyuma timu ikishambulia. Wale wa pembeni wasipande wote kwa pamoja. Mmoja akienda, mwenzake awe ameagizwa kurudi kulinda. Kwenye FIFA za zamani, ambazo bado zinachezwa, haya yamo katika maagizo ya kila mchezaji. Kuanzia FC 25, utayapata katika majukumu ya wachezaji. Ni kazi ya dakika mbili, lakini wengi wetu hatuna hizo dakika mbili kwa sababu tunakimbilia kufunga.

Pia angalia unampanga nani. Pembeni usiweke winga mwenye kasi tupu asiyejua kukaba. Weka mtu mwenye pumzi, na kama kipimo chake cha nguvu kimeshuka kufikia dakika ya 60, mtoe. Mabeki wawili wa kando wawe na mbio, yule wa katikati anaweza kuwa mzito mradi ana nguvu na kichwa. Na usiisogeze safu ya ulinzi juu sana. Ukiwa na watatu, pasi moja ya kupenyeza inatosha kukumaliza.

Kisha kuna vidole. Beki wa kati awe mtu wa mwisho kuguswa. Mpira ukienda pembeni, badilisha kwa L1 hadi umpate kiungo, umrudishe yeye akabe. Shikilia L2, msindikize mpinzani polepole, mzibie njia. Kitufe cha kunyang’anya mpira kinaweza kusubiri. Haraka haraka haina baraka, na kwenye mabeki watatu haraka ni bao.

Tunajua kwa nini vijana hawaujaribu mfumo huu mara ya pili. Kila mechi kibandani ina bei, na sehemu nyingi anayefungwa ndiye anayelipa, tena mbele ya beshte zake wanaomcheka. Ukiwa na hela ya mechi mbili tu mfukoni, utacheza kile unachokijua. Matokeo yake ni kwamba kibanda kizima kinacheza boli moja: straika mwenye kasi, pasi ya kupenyeza, bao. Anayeshinda hajifunzi, anayeshindwa hajifunzi, na kila mtu ana kisingizio.

Kwa hivyo tuna ombi kwa wenye vibanda. Asubuhi na saa za mchana viti vingi huwa vitupu. Punguzeni bei saa hizo, vijana wafanye mazoezi bila presha ya kuondolewa kitini. Hamtapoteza kitu, na mtapata wateja wanaojua gemu vizuri zaidi.

Nanyi wachezaji, mkianza kujifunza mfumo mpya, wekeni kando mambo ya dau. Hakuna anayejifunza vizuri huku akihesabu nauli ya kurudi nyumbani. Upe mfumo mechi kumi. Baada ya kila bao unalofungwa, jiulize swali moja tu: ni nani aliyetoka mahali pake, na ni nani aliyemtoa? Mara nyingi jibu litakuwa wewe.

Ukimaliza hizo kumi na bado unafungwa manne, rudi kwa mabeki wanne bila aibu. Lakini kama umebadilisha mfumo mara tano ndani ya wiki moja na bado unalia, wazee walishakujibu kitambo: mchagua jembe si mkulima.