Picha za ziwa Chala

Juma lililopita binti wa mwenzetu mmoja, anayekaa Nairobi, alitutumia kwa telefone picha tatu alizopiga askari mzungu mwaka 1916. Baada ya mkutano wetu hapa Shari, telefone ilizunguka kwa kila mmoja.

Ni ziwa Chala, kati ya Kenya na Tanzania, chini ya Kilimanjaro. Volkano ilitoboa shimo, maji ya chini ya ardhi kutoka mlimani yakalijaza. Kina chake ni karibu mita 90, na kingo zake zimesimama kama ukuta. Machi ya mwaka ule jeshi la Waingereza lilipita pale kuwafukuza Wajerumani Taveta.

Askari yule aliyapenda maji, inaonekana: picha mbili ni ziwa tupu. Mama mzee mmoja akauliza, "Na nani aliyapandisha hayo maji?" Tukacheka, kisha tukatazama tena. Pembeni ya picha ya tatu kuna wanaume wanne wenye mizigo kichwani, mmoja anaonekana nusu tu. Nyuma kumeandikwa jina la ziwa na mwaka, basi.

Mwaka uleule Wabelgiji walichukua wapagazi kwa nguvu huku mashariki mwa Kongo. Jeshi lao likaingia Tabora mwezi wa Septemba. Babu wa mama yule mzee alikwenda, hakurudi. Picha yake haipo. Jina alitutajia, tukaliandika katika daftari la chama.

Jumamosi leteni picha zilizowabakia baada ya kukimbia vita, pamoja na kalamu.