Mtoko wa Kwihara

Ukitaja mtoko watu wanawaza Zanzibar. Sisi wa Ng'ambo, hapa Tabora, tuna Kwihara, kilomita chache tu, bodaboda inatosha. Nilimpeleka mchumba wangu Jumamosi moja, wiki ileile aliyopata barua ya uhamisho kwenda Dar.

Nyumba yenyewe ni tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, mlango wa kuchonga. Livingstone alikaa hapo hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi. Sawa, hayo tulisoma shule. Kilichotushika ni ya Oktoba 1873. Watumishi wake, Chuma na Susi, walifika hapo na maiti yake wakitokea Chitambo, Zambia ya leo. Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wamzike palepale. Wakagoma! Februari 1874 wakamfikisha Bagamoyo.

Tukakaa chini ya mwembe, soda mkononi. Mwenzangu kimya, halafu: "Na wewe, Dar utakuja kweli?"

"Kila mwisho wa mwezi."

"Hata treni ikichelewa?"

"Hata ikichelewa."

Akafungua pochi, akatoa kalamu. "Andika."