Simu ya Mita 200

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilifanya kazi ya muda kwenye chumba cha seva. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta vumbi, kuwasha ruta iliyojizima, na kupokea simu za wahadhiri wanaouliza mbona mtandao umekata. Mmoja alikuwa akinipigia kutoka jengo la pili, mita 200 tu kutoka nilipoketi, kwa salio lake mwenyewe. Sauti yake ilikwenda mpaka mnara wa kampuni ya simu ndipo inifikie, naye anakatwa hela. Chini ya bustani iliyotutenganisha ulipita waya wa faiba wa chuo, ambao ungeibeba sauti hiyo bure.

Ukiuliza, unaambiwa sisi ni maskini. Sikubali. Zamani kisingizio kilikuwepo: intaneti ilipitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani, na neno moja lilichukua robo sekunde kufika, hivyo mkawa mnaongea mkigongana. Lakini mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Simu ya intaneti haihitaji hata kilobiti 100 kwa sekunde. Programu ya Asterisk, inayogeuza kompyuta kuukuu kuwa kituo cha simu, ipo tangu 1999 na hailipiwi. Kilichobaki ni kupanga swichi ziipishe sauti kwanza, kama magari yanavyopisha ambulensi, isikwame nyuma ya mtu anayepakua mechi ya jana.

Niliandika pendekezo la kurasa tatu. Nikajibiwa kwamba wakuu wa idara tayari wana posho ya vocha.

Basi, kumbe! Anayeamua haumwi.

Hofu hii ina ukoo. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma za intaneti wa Kenya waliunganisha mitandao yao Nairobi, ili barua pepe ya mtaa hadi mtaa isizunguke ng'ambo kwanza. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo, ililalamika, na mdhibiti akakifunga kituo. Kilifunguliwa tena 2002. Angalau pale mlinda lango alikuwa na ushuru wa kulinda. Sisi chuoni tunalinda nini? Lango letu, waya wetu, na bado tunamlipa jirani atupitishe.

Walipaji wenyewe ni wanafunzi. Rafiki yangu alisimamiwa tasnifu na mwalimu aliyekuwa masomoni nje ya nchi. Kila Alhamisi alinunua bando kwa hela ya chakula cha jioni, wakaongea mpaka likakata, mara nyingi katikati ya sentensi iliyokuwa na maana. Hosteli yake haikuwa na mtandao. Niliuona mchoro ukutani: mistari myeusi inaanzia jengo la utawala, inagusa maktaba, inafika kwa mhasibu. Kuelekea hosteli kuna vinukta tu na maneno "awamu ya pili". Nilivikuta hivyo mwaka wa kwanza, nikaviacha hivyo.

Ninachowaomba wakubwa si fedha. Wafunge posho ya vocha kwa wiki moja, wapige simu zote za kazi kwa hela ya mfukoni, wakiwa hosteli namba nne. Wasimame dirisha la mwisho kulia, ghorofa ya juu. Pengine hapashiki.