Swichi Moja ya Redio Haitoshi

Kata ya Vugiri, wilayani Korogwe, imekaa katika ukingo wa kusini wa Milima ya Usambara Magharibi. Chini yake ni bonde la mto Pangani na mashamba ya mkonge. Juu ni chai, misitu na ukungu. Siku za ukungu ndege ndogo yaweza kusikika bila kuonekana, na rubani naye haoni mlima, ilhali Usambara ina vilele vipitavyo mita 2,000. Hapo hutegemea redio na vyombo vya kuonyesha njia, navyo hutegemea umeme. Swali linalostahili kuulizwa, na hata kufundishwa darasani, ni hili: umeme huo upitie swichi ngapi?

Katika ndege nyingi za injini moja zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980, jibu ni moja tu. Betri na altaneta hulisha ukanda wa shaba ambao mafundi huuita basi, ingawa haubebi abiria. Kutoka basi hilo kuu waya mmoja huenda kwenye swichi ya redio, kisha kwenye basi la pili linalogawia vyombo vyote.

Mpango huo haukubuniwa kwa uzembe. Starta ya injini huvuta zaidi ya ampea 100, na volteji ya betri hushuka ghafula. Tena, mkondo ukikatwa katika koili ya rilei ya starta, uga wa sumaku huporomoka na kuzua volteji kubwa ya kinyume. Ndiyo ile kanuni ya Faraday isomwayo shuleni. Redio za kwanza za transista ziliweza kuungua kwa pigo hilo, kwa hiyo zilizimwa zote kwa swichi moja mpaka injini iwake. Leo dayodi ndogo iliyofungwa sambamba na koili hulimeza pigo hilo, na vyombo vipya hupimwa kabla ya kuuzwa kama vyaweza kustahimili misukosuko ya namna hiyo. Hatari iliyoizaa swichi imepungua sana. Hatari iliyoletwa na swichi yenyewe ingalipo.

Tuchukue mfano. Vyombo vyote vikivuta ampea 15, na migusano ya swichi ikichakaa hata ukinzani wake ukafikia omu 0.1, volti 1.5 hupotea hapo, na joto la wati 22.5 huzalishwa ndani ya kidude kisichozidi kidole gumba. Migusano huzidi kuungua, ukinzani huzidi kupanda. Hatimaye redio zote hunyamaza kwa pamoja, hata kama ni mbili. Injini ya pistoni huendelea kunguruma, maana magneto zake hazihitaji betri. Rubani ana nguvu ya kwenda, lakini hana wa kumwambia yuko wapi.

Dawa ni njia ya pili: swichi nyingine yenye waya wake, iliyofungwa sambamba na ile ya kwanza. Cessna 208 Caravan, ijulikanayo sana katika viwanja vya changarawe vya Tanzania, ina mabasi mawili ya vyombo, kila moja na swichi yake. Wako wasemao kwamba swichi nyingi humchanganya rubani. Hoja hiyo ina uzito, lakini hujibiwa kwa alama iliyo wazi na kwa kuijaribu njia ya pili kabla ya kuruka. Njia ya akiba iliyokufa kimyakimya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Bila shaka, hakuna mwenye ruhusa ya kubadili nyaya za ndege pasipo idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Darasani, hata hivyo, ruhusa haihitajiki. Mitihani hupenda kuuliza mkondo ni ampea ngapi. Mara chache huuliza ni kitu gani kitazimika iwapo sehemu fulani itaharibika. Shule ya mlimani yenye betri ya volti 12, ambayo ndiyo volteji ya ndege nyingi ndogo za zamani, yaweza kufunga taa mbili, swichi mbili na dayodi moja katika njia ya akiba. Betri ikisoma volti 12.6, taa zilizolishwa kupitia dayodi ya silikoni zitapata takriban 11.9. Mwanafunzi aulizwe zile 0.7 zimekwenda wapi, na kwa nini dayodi ipitishayo ampea 15 hufungwa juu ya bati la alumini.