Sokota Haina Pacha

Katika vitabu vya mazoezi vya shule zetu kuna swali lisilochoka: toa kisawe cha neno lifuatalo. Mtoto akipewa *sokota* anajibu *suka*, anapigiwa tiki, anaendelea na swali la pili. Nasema tiki hiyo ni deni, na mlipaji ni mtoto mwenyewe.

Tuanze na mikono. Msusi hugawa nywele mafungu matatu, akapitisha moja juu ya jingine. Kila fungu linabaki lenyewe. Ukichoka na mtindo unafumua. Anayesokota hushika nyuzi fupi, dhaifu, zisizofaa kitu, akazizungusha kwa viganja au juu ya paja mpaka zibanane. Kisha huchukua nyuzi mbili zilizozungushwa upande mmoja, akazisokota pamoja kwa upande wa pili. Kila uzi unataka kurudi ulikotoka, na katika kutaka huko unaukaza ule mwingine. Ndiyo maana kamba haifumuki yenyewe, na ukiivuta inazidi kujikaza. Maarifa yote hayo yamo ndani ya kitenzi kimoja, nasi tunayafuta kwa jibu la neno moja.

Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja wapo wanawake ambao kazi yao ni makumbi. Maganda ya nazi hufukiwa ufukweni kwa miezi, hufukuliwa yakiwa yamelainika, hupondwa mpaka usumba utoke, na usumba ule ndio husokotwa kuwa kamba. Kwa kamba za nazi mitepe ya Lamu ilishonwa ubao kwa ubao bila msumari wa chuma. Leo kila mzungumzaji jukwaani anajua kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hakuna anayeuliza kamba imetoka wapi.

Nitajibiwa kwamba watu husema pia *kusuka kamba*. Husema, na mara nyingine ni sahihi kabisa: ukambaa wa miyaa husukwa. Hiyo ndiyo hoja yangu. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni kamba ya aina gani mbele yako. Ukindu husukwa ukili, ukili hushonwa mkeka, sweta hufumwa, pamba husokotwa uzi. Fundi hawezi kuyachanganya maneno hayo, kwa sababu akiyachanganya kazi inaharibika.

Vivyo hivyo kwa ndugu wengine wa kusokota. Zamani uzi ulipotwa, na *upote* wa upinde bado unashuhudia. Shingo ya kuku husongolewa. Mkono wa mtu hupopotolewa. Pedali za baiskeli hunyongwa. Vyote vina mzunguko ndani yake, lakini mmoja hujenga, mwingine huumiza, mwingine huua, mwingine husafirisha. Kuviita visawe ni sawa na kusema panga na wembe ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vinakata.

Anayedhani huu ni ubishi wa walimu wa lugha aende zahanati. Mgonjwa anasema, "Daktari, tumbo linanisokota." Hajasema linauma tu, wala linachoma. Ametaja maumivu yanayobana, yakaachia, yakarudi kubana, na mganga makini huanza kufikiria utumbo. Linalochoma huenda likampeleka kwingine. Mgonjwa yule hakusomea udaktari. Kitenzi kimemfanyia nusu ya kazi. Mwandishi wa faili akiandika "maumivu ya tumbo" na kufunga ukurasa, amemnyang'anya mgonjwa ushahidi wake. Na mtoto aliyefundishwa kwamba maneno yanabadilishana kama chenji atafika pale akiwa na *linauma* peke yake.

Hata uchumi unalijua neno hili. Sehemu kubwa ya pamba inayolimwa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania huuzwa nje kabla haijasokotwa. Anayeisokota ndiye anayeuza uzi, na nguo inaturudia kwa bei yake. Katika safari ya pamba, bei hupanda katika hatua ileile ambayo mtihani wetu unaiona haina tofauti na kusuka.

Sipingi visawe vyote. Napinga uvivu wa kuvisaka mahali visipokuwepo. Mwalimu aulize swali jingine: ni vitu gani husokotwa, na kwa nini havisukwi? Alete nyuzi za katani darasani, kila mtoto azungushe mpaka apate kipande cha kamba, avute aone. Mhariri anayebadilisha *sokota* kuwa *suka* ili neno lisijirudie katika aya, aliache lijirudie. Na sisi waandishi, kabla hatujachagua neno kwa sababu linasikika vizuri, tumuulize kwanza mtu ambaye mikono yake inaifanya kazi hiyo.