Melaka: aliyeteka ngome hakuteka biashara

MFAMASIA wa Kireno, Tomé Pires, alifika Melaka mwaka 1512, mwaka mmoja tu baada ya majeshi ya mfalme wake kuuteka mji huo. Alipelekwa kushughulikia dawa na hesabu, lakini alichokiacha nyuma yake ni kitabu. Humo aliorodhesha watu waliokuwa wakifanya biashara katika bandari hiyo ya rasi ya Malay, na orodha yake ni ndefu: watu wa Cairo, Makka, Aden, Hormuz, Gujarat, Bengal, Pegu, Siam, Java, China na Luzon. Katikati ya majina hayo wamo watu wa Kilwa na watu wa Malindi. Aliandika pia kwamba mara nyingi bandarini hapo zilisikika lugha 84, kila moja mbali na nyingine.

Pengine hesabu hiyo ilitiwa chumvi. Hata ikikatwa nusu, bado inabaki bandari ambayo miji michache duniani wakati huo ingeweza kujipima nayo. Na jambo la kushangaza ni kwamba Melaka yenyewe haikuwa na mali ya kujivunia. Karafuu zilitoka visiwa vya Maluku, zilezile ambazo karne tatu baadaye zingeota Unguja na Pemba. Kungumanga na basibasi zilitoka Banda, vitambaa Gujarat na pwani ya Coromandel, hariri na vyombo vya kaure China. Hata mchele wa kula uliletwa na majahazi kutoka Java, Siam na Pegu. Kilichokuwapo Melaka ni mto mdogo, kilima, na mahali pazuri pa kusubiri upepo.

Pepo ndizo zilizoamua. Merikebu zilizotoka India ziliingia kwa upepo wa upande mmoja, zilizotoka China kwa upepo wa upande mwingine, na hakuna aliyeweza kwenda na kurudi safari nzima ndani ya msimu mmoja. Wote walihitaji pahali pa kukutana, kubadilishana mali, kuweka bidhaa ghalani na kungoja upepo ugeuke. Mabaharia wa Lamu na Zanzibar waliozoea kuhesabu kaskazi na kusi hawahitaji kuelezwa zaidi. Kimalay na Kiswahili hata neno wanatumia moja, kutoka Kiarabu: huku msimu, kule musim.

Lakini pepo hizo zilivuma juu ya pwani nzima ya mlango huo wa bahari. Kulikuwa na bandari nyingine Sumatra zilizotangulia Melaka kwa muda mrefu, Pasai ikiwa mojawapo. Parameswara, mwana wa mfalme aliyekimbia Palembang, alianzisha mji wake karibu na mwaka 1400 akiwa hana jeshi la kutisha wala mashamba. Alichofanya kwanza ni kutafuta jirani mwenye nguvu wa kumkinga dhidi ya Siam, akampata Mfalme wa China. Misafara ya Zheng He, ile iliyofika hatimaye hadi pwani ya Malindi, iliifanya Melaka kituo chake cha maghala. Warithi wa Parameswara wakawa Waislamu, na milango ya wafanyabiashara wa Gujarat na Uarabuni ikazidi kufunguka.

Hapo ndipo penye sehemu ya historia hii inayostahili kusomwa taratibu. Watawala wa Melaka waliteua maofisa wanne wa bandari, kila mmoja akiitwa shahbandar, yaani mfalme wa bandari kwa Kiajemi. Neno bandari la Kiswahili lina asili hiyohiyo. Wamalay wao walilipanua hadi kwao bandar maana yake ni mji. Shahbandar mmoja aliwahudumia Wagujarati peke yao kwa sababu walikuwa wengi mno. Wa pili alikuwa wa wafanyabiashara wengine wa magharibi, wakiwamo Watamil, Wabengali na watu wa Pegu na Pasai. Wa tatu alikuwa wa Java, Maluku na visiwa vya jirani, na wa nne wa China, Champa na Ryukyu. Mgeni aliyefunga gati alikuwa na mtu wa kumwendea, anayejua lugha yake na desturi zake, wa kumpangia ghala, kumtafutia tembo wa kubeba mizigo na kumfikisha mbele ya wakubwa.

Ushuru nao ulijulikana kabla merikebu haijang'oa nanga kwao. Waliotoka magharibi walilipa asilimia 6 ya thamani ya mali. Wageni waliohamia mjini na familia zao walilipa asilimia 3. Waliotoka mashariki hawakutozwa ushuru, ila walitoa zawadi, ambazo bila shaka nazo zilikuwa na uzito wake. Ziliandikwa pia sheria za bahari, zikieleza mamlaka ya nakhoda, ambaye Waswahili humwita nahodha, haki za mabaharia, na nani aanze kuuza merikebu inapofika. Si kwamba kila kitu kilikuwa safi. Sultani na wakubwa wake walikuwa nao ni wafanyabiashara, na rushwa na fitina za kasri katika miaka ya mwisho ya Sultan Mahmud Shah zilidhoofisha mji kabla ya mzinga wa kwanza kulia.

Mizinga ililia mwaka 1511. Afonso de Albuquerque alifika na merikebu zipatazo 18 na, ilipofika Agosti, mji ulikuwa mikononi mwake. Kilwa na Mombasa zilikuwa zimeonja mkono wa dola hiyohiyo miaka sita kabla, mwaka 1505. Albuquerque alijenga ngome ya mawe, akitumia pia mawe ya msikiti na ya makaburi ya masultani. Hesabu ya Lisbon ilikuwa rahisi: anayeishika Melaka anazishika karafuu, kungumanga na pilipili zote za dunia.

Hesabu haikutoka. Wafanyabiashara Waislamu, ambao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa bandari, hawakukaa kusubiri kutozwa ushuru wa upendeleo na kudaiwa vibali vya kusafiri baharini. Walihamia Aceh upande wa kaskazini, wakahamia Banten kule Java, wakazunguka Sumatra kwa nje na kupita mlango wa Sunda. Mtoto wa sultani aliyefukuzwa akajenga dola mpya Johor. Kwa miaka 130 Wareno walikaa ndani ya kuta nene wakishambuliwa kila mara na Aceh na Johor, wakilinda bandari ambayo sehemu kubwa ya biashara yake ilikuwa imekwenda kwa majirani.

Waholanzi waliichukua Melaka mwaka 1641 kwa msaada wa Johor, lakini makao yao yalikuwa Batavia na hawakutaka mshindani. Waingereza walikwishaanzisha bandari zao Penang mwaka 1786 na Singapore mwaka 1819. Mwaka 1807 walibomoa karibu ngome yote ya Melaka wasije wakaikuta mikononi mwa adui. Kilichosalia ni lango moja. Singapore ilifungua bandari isiyotoza ushuru, na kilichokuwa kimebaki Melaka kikaifuata.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako shehena ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo hupita Mombasa na Dar es Salaam, habari hii si ya mbali. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Eneo Moja la Forodha mwaka 2014, na yote mawili yalilenga kitu kilekile ambacho shahbandar alikitoa: mwenye mzigo ajue mapema atalipa nini, kwa nani, na mara ngapi. Pale ambapo dereva wa lori bado anasimamishwa kizuizi baada ya kizuizi, au tozo inatangazwa mzigo ukiwa tayari njiani, wafanyabiashara wa Kigali na Bujumbura hufanya walichofanya Wagujarati. Hutafuta njia nyingine. Bandari inayowaona wateja wake wa bara kama mateka wa jiografia inafanya hesabu ya Albuquerque. Njia za kuzunguka zipo, na zinaendelea kujengwa.

Melaka ya leo ni mji wa viwanda vya kisasa pembezoni na utalii katikati. Mwaka 2008 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na George Town ya Penang. Ndani ya hatua chache za mtaa mmoja mgeni huona hekalu la Wachina la Cheng Hoon Teng, msikiti wa Kampung Kling na hekalu la Wahindu la Sri Poyyatha Moorthi, vyote vikiwa na waumini wake. Wapo Baba na Nyonya, uzao wa Wachina waliooa na kuishi na Wamalay. Wapo Chetti, Wahindu wenye asili ya Kitamil ambao lugha yao ya nyumbani ni Kimalay. Wingi huo haukuletwa na bodi ya utalii. Ni masalia ya kale kale ya ule ushuru wa asilimia 3.

Tatizo ni kwamba nyumba zinabaki, watu wanaondoka. Sheria iliyokuwa ikizuia kodi za nyumba za zamani kupanda ilifutwa mwaka 1997, na mwaka 2000 ulipoanza wapangaji wa miaka mingi walijikuta hawazimudu kodi mpya. Mitaa bado inaitwa wa mafundi wa dhahabu na wa wahunzi, lakini nyingi ya karakana zimegeuka migahawa, vyumba vya wageni na maduka ya kumbukumbu. Wakazi wa Mji Mkongwe na Lamu wanaujua wimbo huu. Hati ya urithi hulinda dirisha na baraza. Haimlindi fundi aliyekuwa akikaa barazani. Bila serikali kuweka sheria ya makusudi kwa ajili ya wakazi, mji wa kale hugeuka pambo.

Kusini kidogo mwa katikati ya mji, Ujong Pasir, kuna kijiji cha Wakristang, uzao wa Wareno na wenyeji, waliopewa eneo la hekta 11 hivi katika miaka ya 1930. Kreoli yao ya Kireno inazungumzwa zaidi na wazee. Maneno ya Kireno yalibaki pia katika Kimalay kama yalivyobaki katika Kiswahili: meja ni meza, bendera ni bendera. Neno la Kireno la kanisa, igreja, Wamalay walilifanya gereja na bado ni kanisa. Waswahili, inavyosemekana, walilifanya gereza. Kila pwani ilikumbuka ilichokiona.

Wavuvi wa kijiji hicho huingia majini kwa miguu wakisukuma wavu wa kunasa uduvi, wanaosagwa kuwa kiungo au kuchachushwa na chumvi. Lakini maji yanasogea mbali. Kwa miongo kadhaa mji umekuwa ukimwaga udongo baharini kupata viwanja. Mwaka 2014 ulizinduliwa mradi wa visiwa vya kutengenezwa wenye bandari ya kina kirefu, uliotajwa kugharimu ringgit bilioni 43. Novemba 2020 serikali ya jimbo ikatangaza kuvunja mkataba, kazi ikiwa mbali kabisa na kwisha. Lango lile lililosalia la ngome ya Albuquerque, ambalo zamani lilikaribiana na mawimbi, sasa linatazamana na uwanja na maduka makubwa. Meli za makontena huonekana kwa mbali kutoka juu ya kilima, zikielekea Singapore na Port Klang. Hazisimami.